GX110 yenye 1G-FE: nifunge turbo au nitrasi? Kitonga inanitesa

Mwana Uyole

Wakuu habari za jioni.

Nina Mark II Grande, GX110 ya mwaka 2002, injini 1G-FE ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa kufungua vali), gia boksi otomatiki. Niliinunua Dar nikaja nayo Mbeya ninakoishi, na mara kwa mara nashuka nayo Dar kufuata mzigo wa duka. Nikiwa Dar gari iko vizuri kabisa, ukikanyaga inaitika. Tatizo linaanza nikishapita Ruaha Mbuyuni. Kwenye mlima wa Kitonga gari inakuwa nzito, inashusha gia yenyewe, inaunguruma kwa nguvu lakini kwenda haiendi, na kulipita lori inabidi nijipange mapema sana. Hapa Mbeya nako, Mlima Nyoka nikiwa na watu wanne na mizigo kwenye buti, ni shughuli.

Nina milioni 4 nimeitenga kwa ajili ya hii gari. Kuna fundi ameniambia atanifungia turbo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini, inazungushwa na moshi wa ekzosi) iliyotumika ya Subaru kwa milioni mbili na nusu pamoja na ufundi, na ndani ya injini hagusi kitu. Jamaa mwingine anasema turbo ni usumbufu, bora nitrasi, ile gesi ya kuongeza nguvu: mtungi unakaa kwenye buti, ukifika mlimani unabonyeza kitufe.

Mimi si mtu wa mashindano. Nataka gari ipande mlima na ipite lori kwa usalama, basi. Kati ya hivi viwili kipi kinafaa kwa injini ambayo haijafunguliwa tangu itoke kiwandani? Na je, itadumu? Kwenye hii gari ndiyo nakula.

Nawasilisha.

Dogo wa Sinza

Mkuu funga turbo, usisikilize waoga. 1G ni injini ngumu. Altezza zenye 1G hii hii hapa mjini zipo zinatembea na turbo, nimepanda moja na inaruka kweli kweli. Chukua turbo ya TD04 ya Subaru Forester, tengeneza manifodi ya ekzosi, weka busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ndogo ya bar 0.4, hakuna kitakachotokea. Milioni mbili na nusu ni bei nzuri. Nitrasi achana nayo, mtungi ukiisha utajaza wapi huko Mbeya?

Fundi wa Kurasini

Mwana Uyole, karibu. Nimeishi na injini tangu ujana wangu. Nilianza na majenereta ya meli pale bandarini, na majenereta ya meli karibu yote yanapumua kwa turbo, kwa hiyo sina ugomvi na turbo hata kidogo. Naipenda. Na kwa kuwa naipenda, sitaki uifunge kwa namna uliyoelezwa na huyo fundi wako.

Tuanze na mlima, maana ndiko maumivu yaliko. Injini yako haisukumiwi hewa, inavuta tu ile iliyopo nje. Dar, usawa wa bahari, presha ya hewa ni bar 1 na chembe. Nyie Mbeya mko juu karibu mita 1,700, presha inabaki kama bar 0.83. Maana yake kila pistoni ikishuka inapata hewa pungufu kwa asilimia 17 au 18, na mafuta nayo lazima yapungue yafuate hewa. Toyota wakisema 1G-FE ya VVT-i ina farasi 160, hizo ni farasi za hewa ya chini. Hapo Uyole una kama 130, kwenye gari la kilo 1,400 hivi kabla hujapakia watu wanne na mzigo. Na nguvu yake kubwa ya kuvuta, nyutoni-mita 200, haipatikani mpaka injini ifike mizunguko 4,400. Ndiyo maana unasikia ikishusha gia na kuunguruma: inaitafuta hiyo 4,400.

Kwa hiyo sehemu ya unachokilalamikia si ugonjwa wa gari, ni hewa. Sehemu nyingine huenda ni ugonjwa kweli, na huo ndio wa kutafuta kabla hujatoa shilingi kwa ajili ya turbo. Gari limeshapita miaka ishirini. Pima kompresheni ya silinda zote sita, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mtu amekanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini. Fungua ekzosi uangalie masega ya kusafishia moshi, maana masega yakimeguka yanaziba, na gari lililozibwa masega linakuwa zima kwenye tambarare likafa mlimani. Angalia chujio dogo la oili linalolisha VVT-i, wengi hawajui hata kama lipo. Angalia oili ya gia boksi ni ya rangi gani na inanukaje.

Sasa turbo. Dogo, nimekusoma na nakuheshimu, lakini hilo la "hakuna kitakachotokea" naomba nilieleze kwa kirefu, kwa sababu kinachotokea nimekishika mkononi.

1G-FE ya kwenye GX110 ina kompresheni ya 10 kwa 1, yaani hewa inabanwa mara kumi. Toyota hao hao, kwenye ukoo huo huo wa 1G, waliwahi kuuza injini yenye turbo mbili, 1G-GTE, tangu mwaka 1985 kwenye Mark II GX71. Kompresheni yake 8.5. Waliuza pia 1G-GZE yenye supachaja (kisukuma hewa kinachozungushwa na injini yenyewe), mmeiona kwenye Crown za zamani. Kompresheni yake 8. Mwenye kiwanda alipotaka kuisukumia hewa injini hii, alianza kwa kushusha kompresheni, na pistoni akaweka nyingine. Hakuchukua turbo akaipachika juu ya pistoni za 10 kwa 1.

Sababu ni joto. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 32. Ukiisukuma kwa bar 0.4 na turbo ya kawaida, inatoka upande wa pili ikiwa karibu nyuzi 80. Hewa hiyo ya moto inaingia kwenye silinda, nayo silinda inaibana mara kumi. Plagi inawasha, moto unaanza kusambaa kutoka katikati kwenda pembeni, lakini kabla haujafika, mchanganyiko uliobaki pembeni umeshapata joto na presha kiasi kwamba unalipuka wenyewe, wote kwa mkupuo. Hiyo ndiyo kugonga. Ukiwa ndani ya gari unasikia kama kokoto kwenye kopo la bati, na mara nyingi husikii chochote kwa sababu redio imewashwa na ekzosi inapiga kelele.

Nilifungua Altezza ya 1G iliyofungwa turbo na mtu mwingine. Busti ilikuwa hiyo hiyo bar 0.4. Plagi za silinda mbili, ile kauri nyeupe ya kwenye ncha, zilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Vile vitone ni alumini, na alumini haitoki popote isipokuwa kwenye pistoni. Nilipoitoa pistoni yenyewe, ule ukuta mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umekatika kipande cha urefu wa ukucha wa kidole gumba. Kipande bado kilikuwa pale pale kwenye mfereji wake, kinacheza. Pistoni za 1G-FE ni za kumiminwa. Zinavumilia joto la kazi zake miaka na miaka, lakini kugonga hazikivumilii. Mwenye gari alikuwa analalamikia kitu kimoja tu, kwamba gari linakula oili.

Hapo sijagusa mafuta. Nozeli zako na pampu yako vilipangwa kwa farasi 160. Ukitaka farasi 220 za turbo, kwa hesabu tunazotumia sote, kila nozeli inatakiwa itoe takriban cc 270 kwa dakika. Na kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya Toyota haina maelekezo yoyote ya busti, kwa hiyo lazima kiwepo kitu cha kuiambia iongeze mafuta na irudishe nyuma taimingi ya plagi (wakati wa kuwasha) pale hewa inaposukumwa. Oksijeni sensa iliyopo inajua jambo moja tu: mafuta yamezidi au yamepungua kuzunguka uwiano wa 14.7 kwa 1. Kwenye busti unataka 11.5 hadi 12, na sensa hiyo hapo haioni. Unahitaji waidibendi, sensa inayousoma uwiano huo kwa upana. Mwulize huyo fundi wako: nozeli utaweka za ngapi, waidibendi itakaa wapi, na taimingi utaiseti kwa kifaa gani? Akikujibu "hagusi kitu", mshukuru uondoke.

Halafu kuna jambo moja ambalo kwako wewe wa Mbeya ni kubwa kuliko yote, na silisikii likisemwa. Turbo inayodhibitiwa na geti la springi (kilango kinachoachia moshi ili busti isizidi) inaongeza juu ya hewa iliyopo nje. Springi ya bar 0.4 pale Mbeya inakupa 0.83 jumlisha 0.4, yaani 1.23 ndani ya manifodi ya hewa inayoingia. Fundi ataliseti gari hapo Mbeya, litapiga safi, mtafurahi. Kisha utashuka nalo Dar. Springi ni ile ile, lakini hewa ya nje sasa ni 1.01, kwa hiyo ndani ya manifodi kuna 1.41. Hapo umeingia kwenye sehemu ambayo fundi wako hakuwahi kuiseti kwa sababu Mbeya gari haliwezi kuifikia. Na joto la nje limepanda toka nyuzi 20 hadi 32. Sehemu ya Morogoro kwenda Chalinze, tambarare, una haraka, umekanyaga muda mrefu: hapo ndipo pistoni inapokatika. Gari la turbo la mtu anayeishi nyanda za juu lisetiwe pwani, mchana, kwenye joto. Likitoka pwani salama, Mbeya litakuwa salama.

Pima hivyo vitu nilivyokuambia kisha urudi hapa na majibu. Ya kununua tutayaongea baadaye.

Rongai Bypass

Naunga mkono Fundi kwa hiyo ya urefu. Sisi Nairobi tuko juu karibu sawa na nyinyi watu wa Mbeya, na barabara yetu ya kushuka ni ya Mombasa. Rafiki yangu alikuwa na Forester ya turbo, akaongezewa busti na kusetiwa hapa Nairobi, gari ikawa moto wa kuotea mbali. Desemba akashuka Mombasa na familia. Mtito Andei sawa, Voi sawa. Kufika Mariakani moshi wa buluu nyuma mpaka gari zilizomfuata zikapunguza mwendo. Silinda moja, ukuta wa ringi umevunjika, vile vile Fundi ameeleza. Na hiyo ni injini iliyotoka kiwandani na turbo!

Injini ilipotengenezwa, jamaa aliibeba gari hadi Mombasa ikasetiwa huko. Ikapoteza nguvu kidogo ikirudi Nairobi, lakini mpaka leo inatembea.

Maskati JZ

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi niko Maskati, wazee wetu ni wa Unguja, na huku vijana wanacheza sana na magari ya JZ (injini kubwa za Toyota), kwa hiyo nitrasi nimeishi nayo karibu. Nimeona hakuna aliyemjibu ndugu yetu kuhusu mtungi, basi nijibu mimi.

Nitrasi yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni. Hewa ya kawaida kwa uzito ina oksijeni asilimia 23, nitrasi ina 36, na ikipata joto la silinda, kama nyuzi 300 hivi, inaachana na hiyo oksijeni. Halafu inatoka kwenye mtungi ikiwa baridi mno, maana inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoza hewa inayoingia. Kwa upande huo inaihurumia injini kuliko turbo, na sikatai kwamba kipimo kidogo cha farasi 50, kikifungwa sawasawa, injini nzima ya kawaida inakibeba.

Lakini "kikifungwa sawasawa" kuna mambo ndani yake. Uchukue mfumo wa majimaji, ule unaomwaga nitrasi na petroli ya ziada pamoja, kwa sababu ukimwaga nitrasi peke yake na nozeli zikashindwa kufuata, pistoni inatoboka mara moja, haikupi hata onyo. Iwepo swichi inayoruhusu pale tu pedeli imekanyagwa mpaka mwisho, na nyingine inayozuia chini ya mizunguko 3,000. Taimingi irudishwe nyuma digrii 2 kwa farasi hizo 50. Plagi ziwe za baridi hatua moja.

Sasa nije kwenye safari yako. Mtungi wa kawaida ni wa kilo 4 na nusu. Kwa kipimo cha farasi 50 unakupa dakika tatu na ushee za kukanyaga, basi, umekwisha. Kitonga utaipanda kwa dakika ngapi nyuma ya malori? Na ukifika juu na mtungi mtupu, umebakiwa na kilo kadhaa za chuma kwenye buti. Nitrasi ni ya mtu anayetaka sekunde kumi za kukimbia mstari ulionyooka.

Na joto. Nitrasi ikivuka nyuzi 36.4 haiwezi tena kukaa kama kimiminika ndani ya mtungi, hata uibane vipi. Inayotakiwa ni presha ya psi 900 hadi 1,000. Gari lililofungwa vioo juani, huku kwetu na huko Dar pia, buti linapita nyuzi 36 bila shida, presha inapanda, na ukibonyeza kitufe kipimo chote kimeharibika. Mtungi halali una kizibo kinachopasuka kuachia presha, na lazima uunganishwe bomba la kutolea gesi nje ya gari. Bila bomba hilo, siku kikipasuka, gesi yote inabaki ndani mnapopumulia.

La mwisho, usikubali mtu akujazie mtungi kwa gesi ya hospitali. Ile ya magari hutiwa salfa dioksaidi kidogo ili mtu asiivute puani. Ya hospitali ni kwa wagonjwa, na kuihamisha kutoka mtungi hadi mtungi mtaani ni hatari tupu.

Kwa Mrombo

Nafuatilia kwa karibu. Mimi ni Arusha na GX100, shida ile ile.

Mwana Uyole

Shikamoo Fundi wa Kurasini. Wengine wote nawashukuru, sikutegemea kupata darasa kama hili.

Nimepima. Masega ya ekzosi nusu yake yalikuwa yamemeguka na kujibana kwenye kona ya mbele. Tumeweka mengine ya gari iliyokatwa, na gari imebadilika, hilo halina ubishi. Chujio la VVT-i lilikuwa na tope zito. Oili ya gia boksi ilikuwa ya kahawia, nimebadilisha.

Ila kompresheni ndiyo imenitia hofu. Kwa mpangilio, silinda ya kwanza hadi ya sita: 150, 152, 150, 148, 146, 150, zote psi. Fundi wa hapa anasema ni ndogo, anataka kufungua injini abadilishe ringi, laki nane kabla ya vipuri. Je, nifungue? Na kama nikifungua, si ndiyo nafasi ya kuweka pistoni za kompresheni ndogo nifunge turbo moja kwa moja?

Fundi wa Kurasini

Marahaba mwanangu.

Usifungue! Injini yako ni nzima. Geji ya kompresheni inapima hewa iliyobanwa, na hewa aliyoibana ni hewa ya Mbeya. Chukua hiyo 150, igawe kwa 0.83, unapata kama 180. Hicho ndicho geji hiyo hiyo ingekuonyesha Dar kwenye injini hiyo hiyo. Namba za vitabu ni za usawa wa bahari, na mafundi wengi wa nyanda za juu wamefungua injini nzima kwa kusoma kitabu bila kuangalia wako wapi. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ya juu yako ni 152, ya chini 146. Injini ya umri huo ikiwa na tofauti ya psi 6 tu, mwenye nayo amshukuru aliyekuwa anaibadilishia oili kabla yake. Laki nane yako ikae mfukoni.

Kama una wasiwasi na ile ya tano, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi zimeanza kuchoka. Ikibaki pale pale, angalia vali. Kwa psi 4 mimi nisingejisumbua.

Sasa niseme ya kununua, maana nilikuahidi.

Shida yako ni asilimia 18 ya hewa iliyopotea. Njia nyepesi ya kuirudisha ni kuongeza ukubwa wa injini. 1JZ-GE ya VVT-i, ile ya cc 2,500 iliyokuwa kwenye Mark II ya JZX100, haina turbo, ina farasi 200 usawa wa bahari. Zidisha kwa 0.83: unapata 166. Yaani ukiwa Mbeya unaendesha kile kile ambacho 1G inakupa ukiwa Dar, unachokisifia mwenyewe kwamba "ukikanyaga inaitika". Hakuna joto la ziada, hakuna waidibendi, hakuna tofauti ya Mbeya na Dar ya kukuua, na fundi yeyote wa Toyota anaijua. Kaa mbali na D4, 1JZ-FSE, ile inayomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ingawa ndiyo iliyokuja kwenye baadhi ya magari ya 110. Pampu yake ya presha kubwa haipendi mafuta yetu, na ikifa hakuna wa kukutengenezea hapo Mbeya.

Ukitaka turbo kweli, basi ipate kwa waliyoipanga. Mwili huo huo wa gari lako Toyota waliuuza na 1JZ-GTE, Mark II iR-V. Kompresheni 9, farasi 280, na nyutoni-mita 378 zinapatikana kwenye mizunguko 2,400 tu. Linganisha na 200 kwenye 4,400 uliyonayo. Hilo lingepanda Kitonga kwa gia ya juu bila kupiga kelele, na kontrol boksi yake inajua busti tangu kiwandani. Lakini si milioni 4. Unahitaji gari lililokatwa nusu lenye kila kitu chake: injini, kontrol boksi na waya zake zote, gia boksi, propela shafti, difu, rejeta, intakula (kipoza hewa ya turbo), na breki. Breki nazisisitiza. Atakayekuuzia injini ya farasi 280 akakuacha na breki za 1G hajafikiria kuhusu kushuka Kitonga, kafikiria kupanda tu.

Pistoni za kompresheni ndogo ndani ya 1G? Inawezekana, na kazi hiyo naiheshimu ikifanywa vizuri. Lakini ukijumlisha pistoni, gasketi, nozeli, pampu, kontrol boksi ya kusetiwa, waidibendi, intakula, laini ya oili ya turbo na siku za kuseti pwani, umeshapita bei ya 1JZ-GE na bado una cc 2,000 na gia boksi ya otomatiki iliyopangwa kwa nyutoni-mita 200.

Kwa hiyo milioni yako nne: sehemu ndogo imalizie huduma. Mkanda wa taimingi ni wa kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Plagi mpya. Rejeta izibuliwe au ibadilishwe, kwa sababu injini kubwa ikija itaihitaji. Kilichobaki kiweke kwa ajili ya 1JZ-GE, uisubiri iliyo safi. Ukiifunga, namba ya injini na cc zimebadilika, kwa hiyo kadi ipelekwe TRA irekebishwe na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi. Siku ya ajali ndiyo wanayofungua boneti.

Dogo wa Sinza

Fundi nimekuelewa, hasa hiyo ya springi kutoka Mbeya hadi Dar. Sikuwa nimewahi kuifikiria. Hiyo Altezza niliyopanda haijawahi kutoka mjini. Swali moja: mwenye turbo tayari kwenye 1G, afanyeje asiivunje?

Fundi wa Kurasini

Swali zuri. Afunge waidibendi wiki hii kabla ya kitu kingine chochote, aisome akiwa amekanyaga mpaka chini kwenye gia ya tatu. Ikipanda juu ya 12.5 kwenye busti, ashushe mguu na asirudie mpaka nozeli zibadilishwe. Springi ashushe hadi bar 0.3. Intakula iwe mbele kabisa inapopata upepo, siyo juu ya injini inapochemshwa na ekzosi. Taimingi irudi nyuma, hata kama gari litapungua ladha. Na oili abadilishe kila kilomita 3,000, turbo inazunguka juu ya hiyo hiyo oili.

Mwana Uyole, mwambie fundi wako akitoa plagi za zamani asizisafishe wala asizitupe. Zipange kwenye kitambaa cheupe kwa namba, ya kwanza mpaka ya sita, ncha zikiangalia juu, upige picha karibu kwenye mwanga wa jua uiweke hapa. Nataka kuona kauri ya ile ya tano.